Mtoto wa Nani? Malezi ya Uswidi na ya Tanzania

Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 1979 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto, na ndani ya mwaka huo nchi mbili zilizokuwa na urafiki wa karibu ziliamua mambo tofauti kabisa kuhusu fimbo. Uswidi ilipitisha sheria ya kumkataza mzazi kumchapa mwanawe, ikawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo, na sheria hiyo ikaanza kutumika tarehe 1 Julai. Tanzania Bara, ikitekeleza Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, ilitoa kanuni za adhabu ya viboko shuleni. Haikuwa kwamba nchi hizo hazikusikilizana. Julius Nyerere na Olof Palme, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uswidi, walikuwa marafiki, nchi za Nordiki (za Ulaya Kaskazini) zikiwa na Uswidi ndani yake zilijenga kituo cha elimu cha Kibaha katika miaka ya 1960, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, viliiga mfano wa Uswidi. Katika elimu ya watu wazima, usawa na ujamaa viongozi wa nchi hizo waliweza kuzungumza usiku kucha. Walipomfikia mtoto, kila mmoja alishika njia yake.

Maelezo yanayosikika zaidi, hasa miongoni mwa Watanzania wanaoishi ughaibuni, ni kwamba Wazungu huwadekeza watoto na Waafrika huwafunza adabu. Wanaopinga hugeuza sentensi hiyo hiyo juu chini, wakasema kwamba Waafrika huwatisha watoto na Wazungu huwaheshimu. Pande zote mbili zina kasoro moja, nayo ni kuyaona malezi kama tabia ya mzazi, kana kwamba kila baba na kila mama hukaa peke yake akachagua kuwa mpole au mkali. Ukifuatilia namna maisha ya mtoto yanavyogharimiwa tangu anapozaliwa hadi anapojitegemea, unakuta kwamba mengi tunayoyaita mila yamejengwa juu ya swali la hesabu: ni nani anayebeba gharama ya kumlea, na kwa kuibeba, ni nani anayepata haki ya kumdai mtoto huyo baadaye? Nchini Uswidi sehemu kubwa ya gharama hiyo hubebwa na walipa kodi wote kwa pamoja, na madai ya familia juu ya mtoto yamepunguzwa kwa makusudi. Nchini Tanzania gharama hutawanywa ndani ya ukoo, na madai nayo hutawanyika kwa kiasi kile kile.

Mfumo wa Uswidi ni rahisi kuufuatilia kwa kuwa karibu wote umeandikwa. Wazazi wa mtoto mmoja hupata siku 480 za likizo ya malezi yenye malipo. Siku 390 kati ya hizo hulipwa kulingana na mshahara, karibu asilimia 80 yake mpaka kiwango fulani cha juu, na siku 90 zinazobaki hulipwa krona 180, fedha ya Uswidi, kila moja. Kila mzazi ametengewa siku 90 ambazo hawezi kumpa mwenzake, hivyo baba asipozichukua zinapotea. Mpango huo ulikua polepole. Mwaka 1974 likizo ya mama iligeuzwa kuwa likizo ya wazazi wote wawili, lakini wanaume wengi waliendelea kwenda kazini kama kawaida, ndipo serikali ilipoanza kuwatengea mwezi mmoja mwaka 1995, ikaongeza wa pili mwaka 2002 na wa tatu mwaka 2016. Hata sasa akina baba huchukua takriban asilimia 30 tu ya siku zote zinazolipwa. Wanasiasa wa huko hulalamika kwamba kiasi hicho ni kidogo, lalamiko ambalo Mtanzania mwenye haki ya siku tatu za likizo ya uzazi lazima litamshangaza.

Mtoto akifikisha mwaka mmoja anapata haki ya kwenda shule ya awali, na tangu mwaka 2002 ada yake imewekewa ukomo: mzazi halipi zaidi ya asilimia 3 ya mapato yake kwa mtoto wa kwanza, asilimia 2 kwa wa pili na asilimia 1 kwa wa tatu. Kila mtoto hupata posho ya krona 1,250 kwa mwezi mpaka afikishe miaka 16, na posho hiyo haibagui, kwa maana mkurugenzi wa benki na mfagizi wa benki hiyo hupokea kiasi kimoja. Mtoto akiugua, mzazi hubaki nyumbani na kulipwa na mfuko wa bima ya jamii, hadi siku 120 kwa mwaka. Chakula cha mchana katika shule ya msingi ni bure, kliniki ya watoto ni bure, na mtoto husoma bila ada hadi chuo kikuu.

Mwanahistoria Lars Trägårdh ameeleza kwamba nyuma ya huduma hizi kuna fikra maalumu, ambayo tunaweza kuiita ubinafsi unaolindwa na dola, yaani kila mtu kujisimamia bila kumtegemea ndugu, serikali ikimwezesha. Kwa fikra hiyo, kumtegemea ndugu kwa chakula au ada ni hali ya kuepukwa, kwa sababu anayekulisha ana uwezo wa kukuamrisha. Dola huingia kati ili mke asimtegemee mume, mzee asimtegemee mtoto, na mtoto asiwe na deni kwa mzazi, kisha mapenzi yao yabaki kuwa mapenzi matupu yasiyochanganyika na malipo. Mswidi mtu mzima hana wajibu wa kisheria wa kuwatunza wazazi wake waliozeeka. Anaweza kuwapenda sana na kuwatembelea kila wiki, lakini pensheni na uangalizi wao ni kazi ya dola na halmashauri.

Msomaji anaweza kudhani kwamba Waswidi wamezaliwa hivyo. Historia yao inakanusha. Katika karne ya 19 Uswidi ilikuwa nchi ya wakulima maskini, na kati ya katikati ya karne hiyo na miaka ya 1920 zaidi ya watu milioni moja walihama, wengi wakielekea Marekani. Mtoto yatima au aliyezaliwa na fukara aliweza kupelekwa mnadani na parokia yake: aliyekubali kumchukua kwa malipo madogo zaidi kutoka mfuko wa maskini ndiye aliyepewa, na mara nyingi alimhitaji mtoto huyo kwa kazi za shamba. Minada hiyo ilipigwa marufuku kwa sheria mwaka 1918. Fimbo nayo ilikuwa ya kawaida nyumbani, kanisani na shuleni; iliondolewa katika shule za msingi mwaka 1958, na haki ya mzazi ya kumchapa mtoto ikafutwa katika sheria ya familia mwaka 1966, miaka 13 kabla ya katazo lenyewe.

Ukiziweka tarehe hizo kwa mpangilio, kuna jambo linalojitokeza ambalo wanaharakati wa haki za mtoto hulipita haraka mno. Uswidi ilianzisha pensheni kwa wazee wote mwaka 1913, posho ya mtoto mwaka 1948, likizo ya wazazi mwaka 1974, na katazo la fimbo mwaka 1979. Fimbo iliondolewa mwishoni, baada ya mzazi kuondolewa sababu nyingi za kuihitaji: hakuhitaji tena mtoto mtiifu atakayemtunza uzeeni, hakulazimika kumwacha peke yake aende kibaruani, na hakuwa amechoka kwa kiwango cha mtu asiye na likizo. Sisemi kwamba nchi maskini haiwezi kukataza. Kenya ilifanya hivyo kwa Katiba ya mwaka 2010 ikiwa haina hata robo ya huduma hizo. Ila katazo la Uswidi lilipata udongo uliokwisha kulimwa, na hata hivyo lilikwenda kwa tahadhari. Kifungu chenyewe hakikuweka adhabu mpya kwa mzazi. Kilisema tu kwamba mtoto asipewe adhabu ya mwili wala kutendewa kwa namna nyingine ya kumdhalilisha; maneno kwamba ana haki ya kutunzwa, kuwa salama na kupata malezi mema, na kwamba aheshimiwe kama mtu mwenye nafsi yake, yaliongezwa mwaka 1983. Serikali ilipeleka kijitabu katika nyumba zenye watoto na kuchapisha maelezo kwenye pakiti za maziwa, ili habari ifike mezani asubuhi familia inapokunywa chai.

Gharama inapobebwa na ukoo

Kwa upande wa Tanzania, sheria ya kazi inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inampa baba siku 3. Lakini hiyo ni sheria ya wenye ajira rasmi, ambao ni sehemu ndogo ya wafanyakazi wote. Mama anayeuza mboga Tandale na mkulima wa mahindi wa Namtumbo hawana mwajiri wa kuwalipa. Kinachowashika ni watu. Binti mwenye mimba ya kwanza mara nyingi hurudi kwao kujifungua, au mama yake husafiri kumfuata, na katika siku arobaini za mwanzo kuna mtu wa kumkanda, kumpikia uji na kumwogesha mtoto. Baadaye mtoto anakuwa na mama mkubwa na mama mdogo, baba mkubwa na baba mdogo, shangazi na mjomba, kila mmoja akiwa na sehemu yake. Mtoto wa Iringa anaweza kupelekwa kwa mjomba Dar es Salaam ili asome, na wa Dar akapelekwa kwa bibi kijijini kwa kuwa mama yake amepata kazi ya zamu. Ada hulipwa kwa mchango, sare hununuliwa na shangazi, na daftari na kaka aliyekwisha kuanza kazi.

Mfumo huu ulipimwa kwa ukali ambao mifumo michache ya malezi duniani imewahi kupimwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata vijiji vingi vya mkoa huo vilipoteza rika zima la wazazi. Watoto wengi walioachwa hawakupelekwa katika vituo vya yatima, kwa kuwa vituo hivyo vilikuwa vichache. Walichukuliwa na bibi zao, shangazi zao na kaka zao wakubwa. Ukoo ulifanya kazi ambayo dola haikuwa na uwezo wa kuifanya, ingawa walioibeba walikuwa wazee waliotarajia kupumzika na vijana walioacha shule.

Sasa linganisha sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kama Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, inataja haki za mtoto na kisha inamtajia wajibu wake: ajenge mshikamano wa familia, awaheshimu wazazi, walezi na wakubwa zake na kuwasaidia wakati wa shida, na aitumikie jamii kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Sheria ya Uswidi haina orodha ya namna hiyo. Mwanasheria wa Ulaya anaweza kuona kwamba wajibu umechomekwa mahali pa haki. Mimi naona kwamba sheria ya Tanzania inasema wazi jinsi hesabu ilivyo, kwa maana ukoo uliomlea mtoto kwa michango hauna mfuko mwingine wa uzeeni ila mtoto huyo. Zanzibar ilianza kulipa Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 na zaidi mwaka 2016, na Bara, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini umelipa ruzuku kwa zaidi ya kaya milioni moja, sehemu ya fedha hizo ikitegemea watoto kuhudhuria kliniki na shule. Hatua hizo ni za maana. Bado mzee wa kawaida wa Bara anamtegemea mwanawe anayetuma fedha kwa simu kila mwisho wa mwezi.

Idadi nayo ina uzito wake. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na zaidi ya wanne kati ya kila kumi walikuwa na umri chini ya miaka 15. Nchini Uswidi, yenye watu kama milioni 10.6, hawafiki wawili kati ya kumi. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mwanamke wa Tanzania huzaa wastani wa watoto 4.8, wakati wa Uswidi huzaa takriban 1.4. Utafiti huo huo ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 43 hufariki kabla ya kutimiza miaka mitano; mwaka 2004/05 walikuwa 112. Nchini Uswidi ni wawili au watatu. Mwanaanthropolojia Robert LeVine, aliyeanza kuwatafiti Wagusii wa Kenya katika miaka ya 1950, alieleza kwamba mahali ambapo kifo cha mtoto mchanga ni jambo la kutarajiwa, mama huelekeza nguvu zake katika kumweka mtoto hai, yaani kumbeba, kumnyonyesha kila anapolia na kumtuliza haraka, na huacha mazungumzo na michezo ya kufundishana kwa watoto wakubwa. Mama wa Ulaya mwenye mtoto mmoja na hofu ndogo ya kumpoteza huongea naye tangu wiki ya kwanza. Kwa maelezo hayo, mama wa Kigusii hana upungufu wowote wa mapenzi. Anajibu hatari iliyo mbele yake.

Siku ya mtoto

Tofauti hizi huonekana katika mambo madogo. Mtoto mchanga wa Uswidi hulazwa nje ndani ya kigari chake hata wakati wa baridi, akiwa amefunikwa blanketi nzito, na vigari vinavyosimama mbele ya mikahawa humshtua kila mgeni. Mtoto wa Tanzania huwa mgongoni, kwenye kanga, akisikia sauti ya mama yake anapotwanga au anapobishana bei. Katika shule ya awali ya Uswidi watoto hutumia saa nyingi nje, mvua ikinyesha au theluji ikianguka, na humwita mwalimu kwa jina lake la kwanza bila cheo chochote. Mtoto wa Kitanzania anayemwita mwalimu wake kwa jina tu atauliza kesho yake kwa nini aliitiwa mzazi. Waswidi wana hata siku ya peremende, Jumamosi, iliyowekwa kwa ushauri wa wataalamu wa meno. Kwa wiki nzima mtoto hujua kwamba hakuna pipi, na hiyo ni moja ya amri chache ambazo wazazi wa huko huzisimamia bila majadiliano marefu.

Jambo linalonivutia zaidi ni kutumwa. Utoto wa Kitanzania umejaa kutumwa: nenda dukani kalete chumvi, mpelekee mama Asha ungo wake, kamwite baba yako, chota maji. Mtoto wa miaka mitano anakwenda na sarafu mkononi na ujumbe kichwani, njiani anawaamkia wakubwa, dukani anahesabu chenji, na akirudi anaeleza alichoambiwa. Mtu mzima yeyote wa mtaa anaweza kumtuma, na mtoto akikataa habari itafika nyumbani kabla yake. Wanaolitazama jambo hili kutoka mbali huona kazi anayotwishwa mtoto, na mara nyingine ni kweli, kwa mfano msichana anapokosa vipindi shuleni kwa kuchota maji huku kaka yake akicheza mpira. Lakini katika kutumwa kuna mafunzo ya kumbukumbu, hesabu, kauli na kujiamini, na kuna kujulikana: mtoto anayetumwa na nyumba kumi anajulikana na nyumba kumi, nazo zinamwangalia. Mswidi mtu mzima hatathubutu kumtuma mtoto wa jirani dukani. Kufanya hivyo ni kudai utumishi wa mtu asiye na deni kwako, na isitoshe mzazi wake atajiuliza unamtakia nini.

Kwa sababu hiyo hiyo, wanaofanya kazi ya kumlea mtoto si watu wa aina moja. Mtoto wa Uswidi hulelewa hasa na watu wazima waliosomea kazi hiyo, pamoja na wazazi wake wawili au mmoja. Mtoto wa Tanzania kwa saa nyingi za siku hulelewa na watoto wenzake. Dada wa miaka tisa mwenye mdogo wake mgongoni, akicheza rede huku akimtikisa asilie, ni mlezi kamili machoni pa majirani. Nchini Uswidi angekuwa sababu ya simu kwa ofisi ya ustawi wa jamii.

Fimbo inatetewa mara nyingi kwa kutumia mfumo huu wa ukoo. Husemwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kwamba mtoto ni wa wote, na kwa hiyo kila mkubwa ana haki ya kumrudi. Hoja hii ina nguvu fulani nyumbani, ambako anayechapa ndiye atakayeuguza, na bibi yupo karibu wa kumkimbilia. Shuleni hoja inavunjika. Shule ya kisasa ililetwa na misheni na ukoloni, na mwalimu mwenye darasa la watoto 80 si mjomba wa yeyote kati yao. Hawezi hata kuwajua wote kwa majina. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeteuliwa naye, na viandikwe katika kumbukumbu. Yeyote aliyesoma katika shule zetu anajua jinsi masharti hayo yanavyofuatwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18. Mwaka 2018 mwanafunzi wa shule ya msingi mkoani Kagera alifariki baada ya kuchapwa na mwalimu, na mahakama ikamtia mwalimu huyo hatiani kwa mauaji. Fimbo ya shule imeazima heshima ya ukoo bila kuchukua wajibu wake.

Wanaoishi katikati

Mahali ambapo mifumo hii miwili hugongana ni katika familia za wahamiaji. Uswidi imewapokea wakimbizi wengi, wakiwamo Wakongomani wanaozungumza Kiswahili waliopita miaka katika kambi za Afrika Mashariki. Mzazi aliyezoea kuwa na shangazi na majirani anajikuta katika ghorofa ya tatu, nje kuna giza kuanzia saa tisa alasiri, na hakuna mtu wa kumwachia mtoto hata kwa nusu saa. Amepoteza walezi wenzake, lakini matarajio yake kwa mtoto ni yale ya zamani: utii, heshima, msaada wa kazi za nyumbani, na baadaye fedha za kutuma kwa waliobaki. Mtoto naye shuleni anafundishwa kwamba mwili wake ni wake na kwamba ana haki ya kutoa maoni. Mwalimu na muuguzi wana wajibu wa kisheria wa kutoa taarifa wakihofia usalama wa mtoto, na ofisi ya ustawi wa jamii inaweza kuiomba mahakama ya utawala iamuru mtoto alelewe nje ya nyumba yao. Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 ilienea mitandaoni habari ya uongo kwamba Uswidi inateka watoto wa Waislamu, na serikali ililazimika kuikanusha hadharani. Uongo huo ulipata wasikilizaji kwa sababu hofu ilikuwapo tayari. Kwa mzazi aliyelelewa katika mfumo wa ukoo, ofisa wa serikali anayeuliza maswali juu ya mtoto ni mgeni anayedai kitu ambacho si chake. Kwa ofisa huyo, mtoto ni raia mdogo ambaye kwa sasa anaishi na wazazi wake.

Kuna kundi jingine lililo katikati, nalo halijavuka mpaka wowote. Katika miji ya Tanzania ukoo umerefushwa mpaka umekuwa mwembamba. Baba na mama wote wanafanya kazi, bibi yuko Rombo au Sumbawanga, na mtoto anabaki na dada wa kazi, ambaye mara nyingi ni msichana aliyemaliza darasa la saba juzi na ambaye kwao bado anahesabiwa mtoto. Wengine huwapeleka watoto wadogo bweni. Hali ilifika mahali ambapo mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa vibali maalumu. Katika nchi inayojivunia kwamba mtoto ni wa jamii, watoto wa miaka sita walikuwa wakilala mbali na kila ndugu yao. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021, inahimiza vituo vya kulelea watoto vya kijamii, na hilo ni kukiri kwamba ukoo peke yake hautoshi tena. Nani atavilipia ni swali ambalo halmashauri nyingi bado zinalikwepa: wazazi huchangia kidogo, na walezi wa vituo hivyo mara nyingi hujitolea.

Uswidi nayo imeanza kurudi nyuma hatua moja ambayo haikutarajiwa. Tangu tarehe 1 Julai 2024, kila mmoja wa wazazi wanaomlea mtoto kwa pamoja anaweza kumhamishia mtu mwingine hadi siku 45 za likizo yake ya malezi, na mzazi anayelea peke yake anaweza kuhamisha hadi siku 90. Magazeti yaliiita likizo ya bibi na babu, ingawa anayepewa anaweza kuwa rafiki au jirani. Baada ya nusu karne ya kujenga utaratibu ambao hakuna bibi anayelazimika kulea, dola imeamua kumlipa bibi anayelea, na si Waswidi wote wanaofurahia. Wapo wanaohofia kwamba akina baba, waliosukumwa kwa miaka mingi kuchukua siku zao, sasa watamsukumia mama mkwe.

Sharti mojawapo ni kwamba anayehamishiwa siku hizo awe na bima ya jamii ya Uswidi. Mama wa Kikongomani anayeishi Göteborg anaweza kumpa siku zake jirani aliyefahamiana naye mwaka jana, mradi jirani huyo anatambuliwa na mfuko wa bima. Hawezi kumpa mama yake mzazi aliyebaki katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, ambaye ndiye aliyewalea wajukuu wawili wa kwanza.